Kuua, Kuziba, Kumwagilia: Uchambuzi wa Karatasi Moja ya Maelezo juu ya Tiba ya Mzizi wa Jino

1. Chanzo cha uchambuzi huu

Kwa kawaida kurasa kama hizi huchambua riwaya, tenzi, tamthilia na tafsiri za vitabu vyenye sifa. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji wetu ili tuchambue maandishi yasiyo na jina la mtungaji wala la mchapaji: karatasi moja, iliyokunjwa mara mbili, ambayo hutolewa kwa wagonjwa katika chumba kimoja cha tiba ya meno mjini mwetu Lubumbashi. Upande mmoja umeandikwa kwa Kifaransa, upande wa pili kwa Kiswahili. Yaeleza matibabu ambayo kwa Kifaransa huitwa « traitement canalaire », yaani tiba ya ndani ya mzizi wa jino. Hatutalitaja jina la mahali hapo, kwa kuwa kosa tunalotaka kulionyesha si la nyumba moja. Ni kosa la namna yetu ya kutafsiri, na huenda sisi wenyewe tungalilitenda.

Karatasi hiyo ilitufikia kwa njia ya majonzi. Mama yetu mdogo aliumwa na gego la chini kwa siku nyingi, hata akakubali kwenda kwa daktari. Alitibiwa siku ya kwanza, maumivu yakatulia usiku uleule, naye alikuwa amepewa karatasi pamoja na siku ya kurudi. Hakurudi. Tulipomwuliza sababu, alitujibu kwa Kiswahili cha mjini kwetu: « Nerf banaisha kuiua; nirudie kufanya nini tena? » Baada ya miezi kadhaa shavu lilivimba, jino likapasuka, na mwishowe likang'olewa. Wengi wetu tungesema kwamba alizembea. Sisi, baada ya kuisoma karatasi ile mara tatu, twasema kwamba alisoma vizuri. Alitenda sawasawa na alivyoambiwa na maneno yaliyoandikwa.

Basi shabaha ya makala haya ni moja. Twataka kuonyesha kwamba vitenzi vilivyochaguliwa katika karatasi hiyo vimeificha kazi yenyewe, ambayo ni kazi ya kuosha, na kwamba Kiswahili kina vitenzi bora ambavyo mtafsiri aliviacha mlangoni.

2. Kazi inayotajwa

Kabla ya kupima maneno, yafaa tukijue kitu kinachotajwa. Sisi si waganga wa meno; tumesomea isimu. Lakini mambo yafuatayo yamekwisha chapishwa na wenye kazi yao, na wanafunzi wa tiba ya meno hufundishwa hayo.

Ndani ya jino mna uwazi uliojaa nyama laini, yenye mishipa ya damu na neva. Tuiite kiini. Kiini kina chumba katika kichwa cha jino, na kutoka chumbani humo hushuka ndani ya mizizi kwa njia nyembamba ziitwazo mifereji. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu, mara nyingine minne. Jino likioza hadi kufikia chumba hicho, vijidudu huingia, kiini huwaka kwa maumivu, kisha hufa na kuoza humohumo. Uchafu hupenya kwenye ncha ya mzizi ukaudhuru mfupa.

Ni nani adui katika habari hiyo? Si neva. Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya hadi kufikia kiini. Panya wa kundi moja walikuwa wamelelewa pasipo kijidudu chochote. Wa kundi la pili walikuwa panya wa kawaida. Kwa panya wa kawaida, kiini kilikufa na usaha ukatokea. Kwa wale wasio na vijidudu, kiini kilibaki hai na kujijengea ukuta mpya, ijapo mashimo yaliachwa wazi na kujaa chakula. Toka hapo haikuwezekana tena kuitupia neva lawama.

Kwa hiyo kazi ya daktari ni kuondoa vijidudu pamoja na mabaki ya nyama yanayovilisha. Chombo chake cha kwanza ni tupa ndogo: vyuma vyembamba kama sindano, vyenye makali ya kukwangua. Lakini mfereji wa jino si bomba lililonyooka. Mwaka 1925 Walter Hess wa Zürich alionyesha kwa meno mengi kwamba mifereji ina matawi, makunjo, na njia za pembeni zinazouunganisha mmoja na mwenzake. Mwaka 2001 Peters na wenzake, nao pia wa Zürich, waliipima mifereji ya magego ya juu kwa picha za eksirei zenye undani mkubwa, kabla na baada ya kupitishwa tupa. Kwa kila mbinu ya tupa waliyoijaribu, asilimia 35 au zaidi ya ukuta wa mfereji ilibaki bila kuguswa.

Kila mama wa nyumba anaielewa hali hii. Chukua bidoni iliyokuwa na mafuta ya ngazi. Ukiingiza kijiti chenye kitambaa utasugua zile sehemu ambazo kijiti kinazifikia. Pembe za bidoni na tundu la mkono wake vitabaki na mafuta. Havitasafika ila kwa maji ya sabuni, yanayotiwa, kutikiswa, kumwagwa, na kutiwa tena mpaka yatoke yakiwa safi. Katika jino, tupa ndiyo kile kijiti, na maji ya dawa ndiyo yafanyayo kazi pale ambapo kijiti hakifiki. Tupa hupanua njia ili maji yapite.

Dawa iliyo mashuhuri katika uoshaji huo ni haipokloriti ya sodiamu. Nyumbani kwetu maji ya jamii hiyo huitwa javeli. Jina latokana na Javel, karibu na Paris, ambako maji ya kung'arisha nguo yalitengenezwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa ujuzi wa mkemia Berthollet. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Dakin na Carrel walitumia mchanganyiko hafifu wa asilimia 0.5 kuosha vidonda vya askari. Mwaka 1936 Walker alipendekeza dawa ya jamii hiyo kwa mifereji ya meno. Siku hizi madaktari hutumia nguvu iliyo kati ya asilimia 0.5 na asilimia 6 hivi. Fadhila zake ni mbili: huua vijidudu na huyeyusha nyama iliyokufa. Haiyeyushi madini, kwa hiyo tope la unga wa jino, ambalo tupa hulibandika ukutani, huondolewa kwa dawa nyingine iitwayo EDTA, iliyoletwa katika kazi hii na Nygaard-Østby mwaka 1957. Tena nguvu ya javeli huchoka kadiri inavyokutana na nyama, hivyo lazima ibadilishwe mara kwa mara, kama maji ya kufulia.

Tofauti inayoletwa na dawa hiyo imepimwa. Waswidi Byström na Sundqvist, katika kazi yao ya 1981, walitumia tupa pamoja na maji ya chumvi peke yake. Vijidudu vilipungua sana, lakini katika baadhi ya mifereji havikuisha. Mwaka 1983 waliweka haipokloriti ya asilimia 0.5 mahali pa maji ya chumvi, na mifereji iliyotakasika ikawa mingi zaidi. Ndiyo maana twaona kwamba Schilder, alipoandika mwaka 1974 makala yake mashuhuri juu ya kuandaa mifereji, alitanguliza katika kichwa cha makala kitenzi cha kusafisha, ndipo akataja kile cha kuunda.

Kwa ufupi, tiba hii ni kuosha mahali ambapo mkono haufiki wala jicho halioni. Sasa tuone karatasi yasemaje.

3. « Kuua neva »

Ni haki tutaje kwanza mema ya karatasi. Sentensi zake ni fupi. Imeeleza vizuri sindano ya ganzi, na imemtayarisha mgonjwa kwa ule mpira mwembamba unaotandazwa kinywani ili jino moja tu lijitokeze, kifaa kilichobuniwa na Barnum huko New York mwaka 1864. Mtafsiri hakukusudia kumpotosha mtu.

Lakini sentensi yake ya kwanza, ambayo kila mgonjwa atasoma hata kama ataacha zilizobaki, yasema kwamba siku ya kwanza daktari « ataua neva ». Usemi huu ni kivuli cha Kifaransa « tuer le nerf ». Katika Kifaransa chenyewe usemi huo ni wa zamani. Wafaa kwa siku zile ambazo kiini kilifishwa kwa sumu, kama vile Spooner wa Marekani alivyoeleza matumizi ya aseniki mwaka 1836. Tumeurithi usemi, nayo kazi imebadilika.

Ubaya wake ni wa namna tatu. Kwanza, kitenzi « kuua » katika lugha yetu kina mwisho ndani yake. Aliyeuawa hauawi tena. Ukisema « nimefagia », msikilizaji anaweza kuuliza kama umemaliza. Ukisema « nimeua », hakuna swali lililobaki. Ndipo tunapolielewa jibu la mama mdogo: kwa mujibu wa kitenzi, kazi ilikwisha siku ya kwanza.

Pili, kwa wagonjwa wengi usemi huu si kweli. Yule ambaye kiini chake kimekwisha kufa na kuoza hana neva ya kuuawa. Anachohitaji ni kuondolewa mzoga.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, usemi huo waufanya ukimya wa ugonjwa uwe alama ya uzima. Kiini kinapokufa maumivu yaweza kukoma kabisa, huku vijidudu vikiendelea kushuka kuelekea mfupani. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba adui ni neva ataona maumivu yamekwisha na kujisemea kwamba adui amekufa. Zaidi ya hayo, wengi kwetu husema kwamba jino limeliwa na mdudu. Imani ya mdudu wa jino ni ya kale katika nchi nyingi. Pierre Fauchard wa Ufaransa, katika kitabu chake cha 1728, alisema kwamba aliutafuta mdudu huyo bila kumwona. Msomaji mwenye imani hiyo akikuta neno « kuua », atalijaza maana aliyonayo tayari: mdudu mmoja, kifo kimoja, na habari imekwisha.

4. « Kuziba jino »

Kitenzi cha pili ndicho jina la tiba nzima katika karatasi: « kuziba jino mpaka mzizini ». Hapa mtafsiri alikuwa na hazina mkononi asiione. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo kwa irabu moja tu hupindua tendo: funga na fungua, funika na funua, ziba na zibua. Tiba ya mzizi yakaa yote katikati ya vitenzi viwili vya jozi hiyo ya mwisho. Daktari huzibua kwanza, huosha katikati, huziba mwishoni. Mwanafunzi wa darasa la kwanza la sarufi angeweza kuifafanua tiba hii kwa maneno matatu.

Karatasi imechukua neno la mwisho na kulifanya jina la yote. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa anapowekewa kizibo cha muda siku ya kwanza, ili chakula kisiingie mpaka atakaporudi, huona jino limezibwa, na karatasi inasema kwamba tiba ni kuziba. Kwa mara ya pili amesoma vizuri, na kwa mara ya pili amepotezwa njia. Aliyeziba kabla ya kuosha amefungia uchafu ndani. Jambo hilo lajulikana na kila aliyewahi kufunika chungu kichafu. Lakini karatasi haikumpa msomaji nafasi ya kulikumbuka.

5. « Umwagiliaji wa mifereji »

Twafika sasa kwenye kiini cha hoja yetu. Katika sehemu ya kati karatasi yasema, kwa maneno machache, kwamba kutakuwa na « umwagiliaji wa mifereji kwa maji maalum ». Upande wa Kifaransa pana « irrigation ». Mtafsiri alifungua kamusi, akakuta « umwagiliaji », akalinakili. Kamusi haikukosa, maana katika habari za kilimo ndivyo lisemwavyo. Aliyekosa ni yule aliyedhani kwamba neno moja la Kifaransa lazima lizae neno moja la Kiswahili.

Tulichambue neno hilo. Shina ni « mwaga », yaani kuacha kitu cha majimaji kitoke chomboni. Kauli ya kutendea yatupa « mwagia », na kiambishi hicho kikirudufiwa twapata « mwagilia »: kumwaga kwa kuelekeza, kwa kurudia, tena kwa faida ya kile kinachomwagiwa. Twamwagilia mchicha na mahindi. Kinachomwagiliwa hunywa, hustawi na kukua. Maji hayo hubaki pale, hatuyataki yarudi.

Katika jino mambo ni kinyume. Hatutaki chochote kinywe wala kikue. Maji huingizwa ili yatoke, na thamani yake ni kile yanachotoka nacho. Yasiporudi, yakapita ncha ya mzizi na kuingia mwilini, hiyo ndiyo hatari, kama tutakavyoona. Neno lililochaguliwa laonyesha mwendo wa kwenda bila kurudi, wakati kazi yenyewe ni kwenda na kurudi.

Neno « mfereji » laongeza utata. Sisi hatupendekezi liachwe, kwa kuwa limezoeleka katika mafundisho ya tiba. Hata hivyo, mfereji wa Kiswahili ni njia ya maji iliyochimbwa na watu, mara nyingi kwa ajili ya shamba. Neno « mfereji » likisimama karibu na neno « umwagiliaji », yanavutana, na karatasi yote hugeuka bustani. Msomaji aliyelelewa kando ya mashamba hatafikiri juu ya gego lake. Dawa ya jambo hili si kubuni neno jipya la « mfereji ». Yatosha kuondoa jirani yake mbaya na kuongeza kwamba mifereji hiyo ina matawi membamba.

Ni kitenzi gani kingefaa? Lugha yetu ina ukoo mkubwa wa vitenzi vya usafi, na kila kimoja kina chumba chake. « Kusukutua » ni kwa kinywa, tena mwenye kinywa ndiye mtendaji; mgonjwa angedhani anaambiwa asukutue mwenyewe. « Kusuuza » ni kupitisha maji mwishoni, baada ya sabuni kufanya kazi yake; kwafaa kwa hatua ya mwisho tu. « Kusafisha » kwatokana na « safi », nacho hutaja matokeo bila kutaja njia. Mtu aweza kusafisha kwa ufagio pasipo tone la maji. « Kuosha », ambacho kwa asili ni kauli ya kutendesha ya « kuoga », chataja maji, chataja uchafu unaoondoka, na chadai kurudiwa mpaka kitu kitakate. Kinaeleweka Zanzibar na Kisangani, na hata yule asemaye « kusukula » mjini kwetu hukielewa mara moja. Twapendekeza, basi, « kuosha mifereji » kwa kazi nzima, « kusuuza » kwa hatua ya mwisho, na « dawa ya kuoshea » kwa kile kinachotiwa.

6. « Maji maalum »

Limebaki jambo ambalo si la sarufi peke yake. Karatasi haikuitaja dawa ya kuoshea kwa jina. Imeiita « maji maalum ». Mgonjwa hulala kitini, mdomo wazi, akanusa harufu anayoijua tangu utoto, harufu ya siku ya kufua mashuka. Naye ameambiwa kwamba ni maji. Ama atadhani amekosea, ama atadhani anadanganywa.

Twakubali kwamba mtungaji huenda alikuwa na sababu njema. Pengine aliogopa kwamba mtu akisoma neno « javeli » atakimbia, au, vibaya zaidi, atachukua chupa ya jikoni na kujitibu mwenyewe. Hofu hiyo ina msingi: javeli ya dukani ni ya kufulia, na huunguza kinywa. Lakini hofu huondolewa kwa kueleza. Anayefichwa jina hawezi kuonywa juu ya kitu chenyewe.

Na onyo lahitajika. Daktari mwangalifu hutumia sindano nyembamba, mara nyingi yenye tundu ubavuni badala ya nchani. Huizuia isifike mwisho wa mfereji, akiiacha milimeta moja au mbili kabla yake; hukataa kuikaza ukutani, husukuma polepole, na huisogeza juu na chini. Sindano ikikwama na dawa ikasukumwa kwa nguvu, yaweza kupita ncha ya mzizi na kuingia katika nyama zilizo hai. Hapo mgonjwa husikia maumivu makali ya ghafula, mara nyingine hata akiwa amepigwa ganzi. Shavu huvimba upesi, na damu huvilia chini ya ngozi. Ajali hiyo si ya kila siku, lakini inapotokea kila dakika ina thamani, na shahidi wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Aliyeambiwa kwamba ni « maji maalum » atavumilia kwa adabu, kama tulivyolelewa kuvumilia mbele ya daktari. Aliyeambiwa jina la dawa na alama ya hatari atainua mkono. Hapa uchaguzi wa neno umekuwa suala la mwili wa mtu.

7. Pingamizi mbili

Tulipoyaeleza haya kwa wenzetu, tulipata pingamizi mbili zinazostahili jibu.

La kwanza ni la wanaistilahi. Wanasema kwamba sayansi yahitaji istilahi moja kwa dhana moja. Kama « irrigation » imekwisha kuwa « umwagiliaji », tusivuruge. Twajibu kwamba hapa dhana si moja. Kifaransa kililichukua neno kutoka Kilatini kwa maana ya kupeleka maji, kisha kikalipeleka shambani na hospitalini kwa pamoja. Hiyo ni historia ya Kifaransa. Kiswahili hakina deni la kuirithi. Istilahi hutafsiri dhana. Mwenye kutafsiri herufi atapata shamba mahali pa jino.

La pili ni la baadhi ya watu wa tiba. Wanasema kwamba mgonjwa hahitaji kujua haya, kwani daktari amesoma kwa Kifaransa na anajua atendalo. Twakubali kwamba tupa na sindano vi mikononi mwa daktari. Lakini kurudi siku ya pili kumo mikononi mwa mgonjwa, na mgonjwa aliamua kwa Kiswahili. Mahali pengine kazi yote humalizwa kwa siku moja. Katika chumba hiki huhitaji siku mbili au zaidi. Katikati ya siku hizo daktari hayupo. Iliyopo ni karatasi. Katiba ya nchi yetu ya 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Heshima hiyo huanza kuwa na maana pale ambapo mtu anaweza kuilinda afya yake kwa lugha hiyo.

8. Pendekezo

Uchambuzi usiotoa badala yake ni nusu ya kazi. Twaweka hapa, kwa unyenyekevu, aya ambayo ingeweza kuchukua mahali pa sehemu tulizozikosoa. Wenye ujuzi wa meno waisahihishe palipo na haja. Wenye ujuzi wa lugha nao vivyo hivyo.

« Jino lako limeoza ndani, na vijidudu vimeingia mpaka mizizini. Leo tunazibua njia za mizizi na kuanza kuziosha. Njia hizo zina matawi membamba ambayo chuma hakiyafikii. Kwa hiyo twatumia dawa ya kuoshea ya jamii ya javeli, iliyopimwa nguvu yake kwa ajili ya jino. Huua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyokufa. Mpira unaotandazwa kinywani huizuia isifike kooni. Ukisikia ladha ya javeli au maumivu makali ya ghafula, inua mkono mara moja. Usitie kamwe javeli ya nyumbani kinywani mwako. Usiku huu maumivu yaweza kutulia. Hiyo si alama kwamba kazi imekwisha. Kizibo ulichowekewa leo ni cha muda. Urudi siku iliyoandikwa hapa chini ili tumalize kuosha, ndipo tuzibe. »

Tulimsomea mama mdogo aya hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini maneno hayo hayakuandikwa tangu mwanzo, kwa kuwa yeye aosha bidoni kila juma na hajawahi kuifunga kabla ya kumaliza. Hatukuwa na jibu la kumpa. Wanafunzi wetu wanaotafuta mada za kazi za mwisho wa masomo wanaweza kuanzia hapo: karatasi kama ile zimo katika zahanati nyingi za mji huu, kuhusu shinikizo la damu, kisukari, ujauzito na chanjo. Wazikusanye, wazisome kwa jicho la sarufi, na kila mara wajiulize swali hili moja: mtu akitenda sawasawa na kitenzi kilichoandikwa, atapona?